Jino Langu Liko Iringa

Naanza kwa kukiri mwenyewe kabla sijasimuliwa vibaya na wengine: yule mama kwenye ile video, mwenye kitenge cha njano, aliyesimama katikati ya sebule mdomo wazi huku akikodolea macho sinia la vitafunwa, ni mimi. Ni mimi Gaudensia, muuza dagaa wa Nyasa hapa sokoni Songea, wala siyo mtu tunayefanana kama nilivyojaribu kumdanganya katekista. Nimechoka jamani. Mteja anakuja kununua kisado cha dagaa, badala ya kuangalia dagaa ananichungulia mdomoni. Kwa hiyo nasimulia leo mara moja tu, na atakayeniuliza tena nitampimia wale wa chini ya gunia, wenye mchanga.

Chanzo ni Editha, mtoto wa kaka yangu Kastori, au tuseme chanzo ni mimi lakini sherehe ilikuwa ya Editha. Editha ni mwalimu, ana miaka thelathini na mbili, mtoto mzuri, mtulivu, na alishawahi kuwa na mchumba mwingine kabla ya huyu, uchumba ukavunjika siku ya utambulisho kwa sababu shangazi mtu aliongea kupita kiasi (shangazi mwenyewe ni mimi, tusipoteze muda hapo). Nilimwambia mama wa yule kijana kitu kuhusu mwanawe, ilikuwa kweli, lakini siyo kila kweli inasemwa mbele ya sahani za pilau. Wakaondoka. Editha hakunilaumu hata siku moja, na hicho ndicho kilichokuwa kinanichoma.

Sasa Mungu si Athumani, akapata mwingine, Festo, na Festo ni Mhehe wa Iringa. Mimi niliposikia Mhehe nilishukuru, maana Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wajukuu tumebaki kutukanana kwa raha zetu, na mtani akikutukana huna ruhusa ya kununa. Akikukuta msibani anaweza kuficha viatu vyako na ukamwambia ahsante. Yeye ananiita mla panya, mimi namwita mla mbwa, kisha tunachota ugali sahani moja. Kwa wageni wa namna hiyo mdomo wangu siyo hasara, ni mtaji. Ukoo ukakaa, ukasema wageni wakija nyumbani kwa kaka, Matogoro, kujitambulisha, wa kuwapokea na kuwatukana ni Gaudensia. Niliona nimepewa nafasi ya kufuta lile kosa la kwanza.

Hapo ndipo ikaja picha. Wiki moja kabla, mtu alitupiga picha nikiwa nacheka, wifi yangu (Mama Editha) akaichukua simu, akaivuta kwa vidole viwili mpaka mdomo wangu ukajaa kioo kizima, akasema, "Wifi, haya ya chini ni meno au ulikuwa unakula udongo?" Mbele ya watu! Nilikwenda kujitazama kwenye kioo, na kwa kweli nyuma ya meno ya chini kulikuwa na ukuta, wa rangi ya chai iliyolala, mgumu. Nikasugua kwa chumvi, nikasugua kwa mkaa, nikatia ncha ya pini ya nywele. Ukuta haukusogea.

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Mtu mwenye akili angeenda kwa daktari wa meno siku ileile, akabaki na wiki nzima ya kujua hali yake. Mimi nikapanga kwenda Ijumaa, ili meno yawe mapya mapya, kama vile mtu anavyosuka nywele siku moja kabla ya shughuli zisije zikachakaa. Huo ndio uamuzi mdogo ninaoulaani mpaka leo. Lakini mtanielewa, sisi wengine daktari wa meno tunamjua kwa kung'oa tu, unakwenda na jino unarudi bila jino, habari ya kwenda kusafisha tu ukarudi nayo yote nilikuwa naiona kama saluni.

Kliniki yenyewe iko mjini, ghorofani. Nikakuta kijana msafi, mpole, ananiamkia, "Shikamoo mama. Mimi naitwa Daktari Kikoti."

"Marahaba. Kikoti wa Iringa?"

"Wa Iringa kabisa."

Moyo ukaniruka kwa furaha, nikajua nimepata pa kufanyia mazoezi ya kesho. Nikamwambia, "Basi nafungua mdomo, lakini usiniume. Nawajua mnavyopenda nyama."

Naye hakuwa nyuma. Akawasha ile taa, akasoma jina kwenye kadi yangu, akasema, "Tulia Mama Ngonyani, niangalie kwanza kama kuna mkia wa panya umebaki humu." Tulicheka mpaka binti wa mapokezi akachungulia.

Kisha akaingiza kile kioo kidogo, akagonga hapa, akagusa pale, na sauti ikabadilika. Akaniambia ule ukuta unaitwa ugaga, kwamba ulianza kama utando laini ambao mswaki ungeuondoa, mimi nikauacha ukawa jiwe, na jiwe hilo limekula fizi kwa miaka mingi bila mimi kujua. "Haya mawili ya chini mbele hayana tena mfupa wa kuyashika, mama. Sasa hivi yanaegemea ugaga wenyewe. Kuutoa ni lazima, ila nikiutoa leo yatacheza. Waya wa kuyafunga na wenzake naupata Jumatatu. Una shughuli yoyote kesho?"

"Kesho napokea Wahehe wenzako, wanakuja kuchumbia kwetu."

"Basi tufanye Jumatatu."

Nilicheka mpaka kibomba cha kunyonya mate kikanitoka. Nikaona wazi kabisa mchezo wake: Mhehe anataka niende kuwapokea Wahehe na meno ya udongo, wakanicheke! Akasema, "Mama, siyo utani." Nikamjibu, "Mhehe akisema siyo utani, ndipo utani unapoanza." Akarudia. Akashusha hadi barakoa yake, akanitazama usoni, akasema, "Mama Ngonyani, hapa nakuambia kama daktari, siyo kama mtani." Na mimi, mtu mzima, bibi wa wajukuu wawili, nikamwambia apandishe barakoa yake afanye kazi, la sivyo nakwenda kumtafuta daktari Mngoni.

Akavuta pumzi ndefu. Akanipa karatasi nisaini kwamba nimeelezwa nikaelewa, nikasaini huku nacheka.

Kazi ya meno ya chini peke yake ilichukua karibu saa nzima. Kile chombo kinalia kwa sauti nyembamba inayoingia mpaka kwenye unyayo, maji yanaruka, vipande vya mawe vinadondoka kwenye kibakuli, na mimi kila kipande nakihesabia kama ushindi. Mwisho akanipa kioo. Jamani! Meupe, membamba, kila moja na mlango wake. Nilijitamani. Akaanza kunipa masharti: usitafune mfupa, usigugune mahindi ya kuchoma, usiume kitu kwa meno ya mbele, "na hiyo kesho mama, usipige sana kelele. Hasa vigelegele, naomba uviache."

Shangazi asipige vigelegele siku ya mtoto wa kaka yake! Hapo nikawa na hakika kwamba tangu mwanzo alikuwa ananitania. Nikamwambia awasalimie mbwa, nikashuka ngazi natabasamia watu nisiowajua.

Jumamosi asubuhi naamka, naupeleka ulimi mbele kusalimia meno mapya, na jino moja likainama. Nikadhani naota. Nikagusa tena, likainama tena, na mwenzake naye akatikisika. Nikampigia daktari, naye hakunizungusha: "Pole mama. Usiyaguse, kunywa uji, Jumatatu saa mbili uwe hapa." Hapo ndipo akili ikanirudia kwamba yule kijana alinieleza mara tatu, kwa Kiswahili fasaha, kila kitu kilichonipata.

Sasa hapa mtu mwingine angemwambia wifi yake, "Wifi, meno yangu yanacheza, nisaidie." Mimi wiki nzima nilikuwa nimemtambia wifi jinsi nitakavyong'ara, ningeanzia wapi? Nikaamua kufunga mdomo. Nikajiambia ni masaa matano tu, nitatabasamu kwa midomo iliyofungwa, nitaitikia kwa kichwa, watakula, watakwenda. (Mnaona akili hizo? Mtu amepewa kazi moja tu, ya kutukana, anaamua kuifanya kimyakimya.)

Wageni wakafika saa saba, wamependeza, mbele yao Mzee Luhanga, baba mkubwa wa Festo, mrefu, na kofia ya pama na fimbo. Niko getini. Nyuma yangu ukoo mzima umejipanga kusikiliza, na vijana wameshainua simu warekodi. Mzee Luhanga akasimama, akanipima juu mpaka chini, akaanza kwa sauti, "Hawa ndio Wangoni? Mbona wamekonda hivi, panya wameisha Matogoro?"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Mimi nikapiga goti kidogo, nikatabasamu kwa midomo, nikaonyesha kwa mkono, karibuni.

Akadhani sikusikia. Akaongeza, "Nasema, tumepita kichakani hapo tukakuta mitego, tukajua tumefika kwa wakwe!" Hiyo ilikuwa nzuri, nawaambia, nilikuwa na jibu lake kwenye ncha ya ulimi, lakini ncha yenyewe ya ulimi ilikuwa imeshikilia jino. Nikainamisha kichwa. Kicheko kikafa. Nikamwona yule mzee anamtazama mwenzake, wakaingia ndani polepole kama watu wanaoingia msibani.

Jikoni wifi akanidaka mkono. "Wifi, una nini?" Nikaonyesha mdomo wangu, kisha nikanyoosha kidole juu, maana kliniki iko ghorofani. Akanitazama, macho yakamlainika, akasema, "Aah, novena, umemwekea Mungu nadhiri. Si ungesema mapema?" Nikatikisa kichwa kukataa, yeye akaona nasisitiza, akaondoka. Huku sebuleni kaka Kastori, aliyeniona nimejiziba mdomo kwa mtandio, alikuwa ameshawaambia wageni kwamba dada yake ameamka na koo limekauka. Dakika kumi baadaye wifi anapitisha togwa, anamnong'oneza mke wa Mzee Luhanga kwamba shangazi ameweka nadhiri ya kutosema mpaka jioni. Yule mama akamnong'oneza mumewe. Nilimwona mzee anauliza kwa nyusi: koo au nadhiri? Nikatamani zulia linimeze.

Ikafika zamu ya Editha. Akaingia amefunikwa khanga, akafunuliwa, akaulizwa kama anawajua wageni hawa na kama wakae au waende. Akasema, "Nawajua. Wakae." Sauti yake ilitulia vizuri. Na desturi hapo mnaijua, kigelegele cha kwanza ni cha shangazi, wengine wanadakia. Wanawake wote wakageuza shingo kwangu. Nikapiga makofi.

Makofi! Pa, pa, pa, peke yangu, kama mtu aliyesikia hotuba ya mwenyekiti wa mtaa. Hakuna aliyedakia.

Mzee Luhanga akaweka glasi ya togwa chini. Akachukua kofia yake mapajani, akasimama.

"Ndugu zangu Wangoni," akasema, bila kelele, "mimi nimekuja huku kwenu mara nyingi. Kila nikija natukanwa kuanzia getini, nakula, nalala vizuri. Leo nimepokelewa kwa adabu. Shangazi wa binti hajanitukana hata neno moja. Mtani akikuheshimu, jua amekuchukia. Nauliza, naambiwa koo. Nauliza tena, naambiwa nadhiri. Sisi hatuwezi kuchukua mtoto ambaye shangazi yake ana kitu moyoni. Mturuhusu tutoke nje tukazungumze."

Na wote wakasimama. Festo naye akasimama, anamtazama Editha, hajui aweke wapi mikono. Kaka yangu akawa anasema "Mzee, mzee, kaa kwanza," hakuna anayemsikiliza. Mimi nilimtazama Editha. Hakulia. Alinitazama mimi tu, akaniuliza kwa sauti ndogo, lakini sebule nzima ilisikia:

"Na huyu pia, shangazi?"

Nawaambieni ukweli, nimefiwa, nimeibiwa, nimeunguliwa na kibanda, lakini sijawahi kuchomwa kama nilivyochomwa na maneno yale manne. Nikautupa mtandio. Nikasimama katikati ya njia, nikamnyooshea kidole yule mzee na kofia yake, nikapasua:

"Kaeni chini, wala mbwa nyie! Mnakwenda wapi? Nje hakuna mbwa hata mmoja, tuliwafungia tangu jana tuliposikia mnakuja!"

Kisha Mzee Luhanga akafumba macho kwa raha, kama mtu aliyewekewa maji ya moto miguuni, akasema, "Aaaah. Sasa nimefika." Na nyumba ikalipuka. Wahehe wanacheka, Wangoni wanacheka, mke wa Mzee Luhanga anapiga mapaja, Editha ameziba uso kwa khanga mabega yanatikisika. Na mimi, kwa furaha, kwa kuona mtoto amepona, nikasahau kila kitu nilichoambiwa tangu kuzaliwa, nikainua kichwa nikapiga kigelegele. Kirefu. Cha kutoka tumboni.

Kikakatika katikati. Nikasikia tu *tik*.

Jino lilikuwa kwenye sinia, kati ya maandazi na karanga. Jeupe, safi, limesuguliwa vizuri (kwa sekunde moja hata mimi nililisifu). Ndiyo hapo mnaponiona kwenye video nimekodoa macho. Wifi yangu alishika kichwa. Ikabidi niseme yote, palepale, nimesimama, hewa inapita mbele: kwamba siyo koo, siyo nadhiri, nilikwenda kusafishwa meno na Mhehe, akaniambia ukweli, nikadhani utani.

Mzee Luhanga alinisikiliza mpaka mwisho. Akatoa leso, akaliokota lile jino kwa heshima zote, akalifunga, akaligeukia kundi lake. "Tuliomba binti. Jino hatukuomba. Lakini Wangoni wametoa wenyewe, kwa hiari, mbele ya mashahidi. Tunalipokea." Akatia mfukoni. Nikadai jino langu, akasema nitalikuta Iringa siku ya harusi, nikalidai mwenyewe mbele ya watu, na nisije mikono mitupu. Wakala, wakanywa, wakaondoka na jino. Uchumba ukasimama imara, na ninaambiwa kule Iringa kila mgeni anayefika anaonyeshwa ile leso.

Kabla hawajafika hata Njombe, video ilikuwa imezunguka kundi la ukoo, kundi la jumuiya na kundi la wauza dagaa. Jumapili sikwenda kanisani.

Jumatatu saa mbili kamili nilikuwa ghorofani kwa Daktari Kikoti. Alikuwa ameshaiona, binti wa mapokezi alininong'oneza. Nikajiandaa. Nikajua leo Mhehe ananimaliza, na nilistahili, tena nilikuwa nayataka, maana ukitukanwa na mtani aibu inapungua uzito. Nikakaa kwenye kiti. Akasema, "Shikamoo mama. Pole sana." Akaangalia pengo, akaangalia lile lililobaki, akaanza kulifunga waya kwenye meno ya jirani. Taratibu, kwa adabu, "fungua kidogo mama," "asante mama," "sukutua mama." Hakuna panya. Hakuna mkia. Nikamchokoza, nikamwambia jino langu wamelila mbwa wa kwao. Akatabasamu kidogo, akaendelea kufunga.

Mwisho sikuvumilia. Nikamshika mkono. "Daktari, nitukane basi."

Akashusha barakoa. Hakuwa na hasira hata, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema, "Mama, siku ile nilikuambia mara tatu kwamba siyo utani. Nikianza tena kukutania kwenye kiti hiki, siku nyingine utajuaje ninasema kweli?"

Nikamwachia mkono. Mimi Gaudensia, nikamwambia Mhehe ahsante.

Basi nimeapa, na nyie ni mashahidi: mtu akivaa koti jeupe na kunishikia kioo mdomoni, awe Mhehe, awe nani, neno lake ni neno, na kama nina shughuli Jumamosi sitafanyiwa kitu Ijumaa. Meno ya juu nasafishwa wiki ijayo. Ameniambia nije bila haraka, nisipange jambo lolote siku tatu baada ya hapo, na mimi nimeitikia "ndiyo daktari," nikatoka, nikashuka ngazi zote bila kucheka.